Mwambie Asilifunike Sanduku

Nianze na jambo lenyewe, maana sina umri wa kuzungushana. Hapa nyumbani kwetu Busale kulikuwa na feni ya kupepetea mpunga, na ile feni ilikuwa na uwezo wa kumuua mume wangu. Aliyelijua hilo ni mkamwana wangu Tukuswiga, kwa sababu aliitengeneza yeye. Na katika watu wote wa dunia hii, asiyeruhusiwa kufungua mdomo akamwonya mume wangu alikuwa Tukuswiga huyo huyo. Kwa hiyo aliniambia mimi. Mimi ni Keziya, mama yake Isaya, na kazi ya kupeleka maneno ilikuwa yangu.

Msiotoka huku mtashangaa. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hamtaji jina, hapiti mbele yake, hali naye, hamsemeshi. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani ili mzee apite. Na mzee naye anakohoa toka mbali, anageuza uso, mkamwana apate nafasi ya kujificha. Si chuki. Ni heshima, na ni ya pande zote mbili. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa meza moja na kumega samaki pamoja, na wala hawajafa. Lakini mume wangu Andrea, ambaye mimi namwita Baba Isaya, alikuwa mtu wa zamani, na Tukuswiga pamoja na ufundi wake wote alikuwa binti wa kijiji cha Ngana aliyelelewa na bibi. Miaka saba waliishi hivyo. Neno la huyu likitaka kumfikia yule lilipitia kwangu. "Mama, mwambie baba." "Mama Isaya, mwambie mkamwana." Kutwa kucha mwambie, mwambie. Nilichoka, nasema kweli.

Hebu nimseme kwanza huyo mkamwana. Isaya alipomleta, nilimtazama vidole nikaona vina makovu ya moto, nikajisemea moyoni, hapa tumepata mpishi. Mpishi wapi! Ilikuwa risasi ya kulehemu. Ufundi aliupata kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio Kasumulu, kule mpakani, na mjomba alipofariki Tukuswiga akarithi koleo, mita na ukali wake. Akafungua kibanda Bondeni, pale Kyela mjini. Wanamletea blenda, feni, cherehani za umeme, mashine za kufulia za watu wenye nyumba za vigae. Wateja wapya wanamkuta peke yake, wanauliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Naye hata hakasiriki. "Ametoka, niachieni, nitampa." Wakirudi wanakuta kitu kimepona, anawaambia fundi anawasalimu. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu aliponieleza.

Siku moja nilimpelekea ndizi kibandani nikamkuta ameinamia kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kama punje ya kakao. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni triaki, ndicho kinachoamua mota iende polepole au iende mbio.

"Kinaamuaje? Kina akili?"

"Mama, umeme wa ukutani hauendi mfululizo. Unakwenda na kurudi, na kila ukitaka kugeuka unaishiwa nguvu kidogo, mara mia katika sekunde moja. Sasa hiki ni kama mlinzi wa geti pale Kasumulu. Umeme ukiishiwa nguvu, geti linajifunga lenyewe. Mlinzi analifungua tena. Kitufe hiki unachozungusha kinamwambia achelewe kiasi gani kufungua. Akichelewa sana, unapita umeme kidogo, mota inatambaa. Akiwahi, unapita wote, mota inakimbia."

Nikaelewa. Mimi si mjinga, nimeishia darasa la saba kwa sababu ya baba yangu tu. Nikamuuliza, "Na mlinzi akifa?"

Tukuswiga akachukua kopo lake la maziwa, akalitikisa. Ndani mlikuwa na triaki zilizoungua, hazitupi. Akatoa moja, akaifunga kwenye mota ya blenda isiyo na jagi, akachomeka ukutani. Yesu wangu! Ile mota ilipiga kelele, ikaanza kutembea yenyewe juu ya meza. Akazungusha kitufe mpaka mwisho wa kupunguza. Haikupungua, ilikuwa kama hasemeshi mtu. Akaichomoa ukutani, ndipo ikanyamaza.

"Akifa, Mama, mara nyingi hafi geti likiwa limefungwa," alisema. "Anakufa geti likiwa wazi. Na kinachomuua zaidi ni joto."

Nilikaa kwenye stuli yake muda mrefu kabla sijaaga. Sikuipenda ile sauti.

Basi, Baba Isaya bega la kulia lilimshinda. Kupepeta mpunga kwa ungo kunataka mkono, na kunataka upepo wa ziwani, ambao unakuja ukipenda. Mwaka ule mpunga ulikubali, magunia yamejaa, na mzee anakaa anautazama tu. Tukuswiga akasikia kupitia kwangu. Akachukua mota ya mashine ya kufulia iliyotoboka pipa, akampelekea mchomeleaji amkatie mapanga ya feni kutoka pipa la chuma, akatengeneza na sanduku la bati lenye triaki na kitufe cha kuzungusha. Mgongoni mwa sanduku aliweka bati nene lenye mbavu, la kupozea joto. Mpunga hautaki upepo mwingi: ukizidisha unapeperusha pumba na punje, ukipunguza unabaki na makapi. Kile kitufe kilikuwa ndiyo mkono wa mzee.

Mashine ikaja kwa pikipiki ya mizigo. Baba Isaya akaiwasha mbele ya nyumba, waya umepitia dirishani mpaka soketi ya sebuleni. Upepo ukatoka, laini kabisa. Pumba zikaenda, mpunga ukabaki. Alizungusha kitufe, akakirudisha, akakizungusha tena, meno yote nje. "Mama Isaya, mwambie mkamwana, ndaga fijo. Mwambie hivyo hivyo, asante sana." Na machozi yalikuwa yanamlengalenga, yule mzee.

Nikaenda nyuma ya jiko alikojificha Tukuswiga, nikamfikishia. Alifurahi, lakini alinishika mikono yote miwili.

"Mama, nisikilize vizuri. Mwambie baba sanduku asilifunike kwa kitu chochote. Likifunikwa triaki itaungua, na ikiungua feni itakimbia mpaka mapanga yang'oke, na yatamuua. Mwambie hivyo hivyo, yatamuua. Na siku ikimkatalia asihangaike na kitufe. Achomoe ukutani."

Sasa niambieni ninyi. Mkamwana anatuma neno la kifo kwa baba mkwe wake. Kwetu neno kama hilo, kutoka kinywa kama hicho, ni karibu na laana. Mzee angelala nalo, na siku akipatwa hata na homa ukoo ungeuliza lilitoka kwa nani. Nikalitoa. Nililitoa kama unavyotoa jiwe kwenye mchele, tena nikijiona mwenye busara. Nikarudi mbele nikasema, "Mkamwana anasema tuwe waangalifu, na sanduku lipate hewa."

"Mwambie nimesikia," akajibu.

Haikupita wiki, pumba zikaanza kutua juu ya lile sanduku. Baba Isaya hakulala vizuri. Huyu ni mtu aliyefunika redio yake kwa shati la kanisani. Akatafuta nailoni ya mbolea, akalivika sanduku lote, akaacha kitufe tu kichungulie. Kisha akaniomba kile kitambaa changu cha mezani, cheupe chenye maua mekundu, nilichokidarizi kwa ajili ya harusi ya Isaya, ambacho kinatoka kabatini wakija wageni wa maana tu.

"Nini tena?"

"Kitu cha mkamwana wangu kivae nailoni ya mbolea watu waone? Aibu."

Nikamwambia, "Alisema lipate hewa."

"Kitambaa kinapitisha hewa."

"Na nailoni?"

"Unataka mvua ilipige?"

Hapo ndipo ningeweza kusema lile neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini niwaambie na ubaya wangu: nilishikwa na wivu. Miaka arobaini na miwili nimempikia mtu, hajawahi kunifunikia hata sufuria, leo anahangaika na sanduku la bati. Na wakati huo huo nikamwonea huruma, maana hakuwa na njia nyingine ya kumshukuru yule binti zaidi ya kukitunza kitu chake. Hamwoni, hamsemeshi, atafanyaje? Nikampa kitambaa. Nikakifunga mwenyewe kwa kamba, mafundo mawili, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vizito.

Tukuswiga hakuwa anafika uwanja wa mbele, hata siku moja. Akija anapitia migombani, anaingia kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo alinipigia simu. "Mama, sanduku liko wazi?"

"Liko wazi kama mdomo wa jirani yangu," nikamwambia.

Akacheka. Mimi nami nikacheka. Nilisema vile ili asijisikie amedharauliwa, na ili mzee asinyang'anywe furaha yake, na kwa sababu nilichoka kwenda na kurudi. Uongo mdogo tu wa nyumbani, ambao mwanamke yeyote anasema mara tatu kwa siku.

Kisha ikaja ile harufu. Ilinijia siku moja mchana nikianua mpunga, harufu ya nailoni iliyokaa karibu na jiko. Nikatazama jikoni, hakuna kitu. Siku iliyofuata Baba Isaya alizungusha kitufe mpaka mwisho kuzima, lakini feni ikaendelea kujikokota, polepole, ikinguruma kwa chini. Tukaitazama wote wawili. Baadaye ikasimama.

"Imezeeka?" akauliza.

"Labda umeme ni mwingi leo," nikasema. Niliikumbuka ile blenda iliyotembea mezani. Niliikumbuka, nikasema Tukuswiga anakuja Jumamosi, nitamwambia uso kwa uso. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Akaja kweli, asubuhi, na samaki mbasa watatu kwenye majani ya mgomba. Isaya alikuwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwenye biashara zake. Tukuswiga akaingia jikoni nyuma ya nyumba akaanza kuparua samaki, anaimba wimbo wa kwaya, nami nikaona si vizuri kumharibia wimbo. Nikasema, tukishakula. Nikaenda mbele kumsaidia mzee, kwa kuwa mpunga ulikuwa umeanikwa na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milimani.

Nilikuwa namimina mpunga kwa ungo, yeye amesimama ubavuni mwa feni karibu na sanduku. Sauti ikaanza kupanda. Sikuielewa mara moja. Niliona kwanza mpunga: haukuanguka tena chini, ulikwenda wote, punje na pumba, ukapiga ukuta wa ghala kama mvua. Baba Isaya akazungusha kitufe. Hakuna. Akazungusha mpaka mwisho, akarudisha, akazungusha tena. Nilimwona usoni, alikuwa amekasirika, hakuwa ameogopa. Angeogopa nini? Nani alimwambia kuna cha kuogopa? Sauti ikazidi, stendi ikaanza kutetemeka, na yeye akainama kufungua kile kitambaa ili aone kuna nini. Akawa anahangaika na mafundo yangu.

Wimbo jikoni ukakatika. Tukuswiga aliisikia ile sauti, na kwake ilikuwa inaongea. Akaja mbio, mwiko mkononi, mpaka kona ya nyumba. Na pale konani akasimama. Nilimwona kwa macho yangu. Miguu ilikataa, miguu iliyofundishwa miaka saba. Akavuta khanga akajifunika uso, akapiga kelele akiwa ndani ya khanga:

"Mama! Mwambie achomoe ukutani! Mama, mwambie atoke hapo!"

Baba Isaya aliisikia sauti yake, nina hakika, kwa maana alifanya alichokuwa akifanya siku zote. Aligeuza uso upande wa pili asije akamwona. Upande wa pili ulikuwa wa feni.

Nami nikafungua mdomo. Ningesema "Toka!" Neno moja. Nikasema, "Baba Isaya, mkamwana anasema..."

Sikumaliza. Panga moja lilitoboa bati la ubavuni mwa feni likampata pajani, juu, kwa ndani. Lingine tulilikuta baadaye limezama kwenye mgomba. Tukuswiga alitupa mwiko, akapita mbele ya mkwe wake, akaingia kwa mlango wa mbele ambao hajawahi kuukanyaga, akachomoa plagi sebuleni. Kukawa kimya. Akarudi, akapiga magoti, akaivua khanga kichwani akamfunga mzee paja kwa nguvu zake zote. Damu ilikuwa nyingi. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa, na mara ya kwanza kumwona uso.

Lakini hakuuona wote. Baba Isaya alikuwa ameweka kiganja juu ya macho yake mwenyewe. Anavuja damu vile, na bado anampa mkamwana wake heshima yake.

"Mama Isaya," alisema, "mwambie mkamwana, ndaga."

Tukuswiga alikuwa katikati yetu, ameshasikia. Nikamwambia hivyo hivyo. "Anasema ndaga."

"Mama, mwambie asiongee. Mwambie damu inatoka."

"Anasema usiongee, Baba Isaya."

Hakuongea tena. Tulimpakia kwenye gari la jirani, na kabla hatujafika mjini alikuwa ameshaondoka.

Msiba ukajaa. Watu wa ukoo, watu wa kanisa, watu kutoka ng'ambo. Na kila aliyenishika mkono alinong'ona, "Ndugu yetu alikuwa mbishi, sikio la kufa halisikii dawa." Nilitaka kuwapiga makofi. Dawa gani? Lile sikio nani alilipa dawa?

Siku ya pili baada ya mazishi, Tukuswiga alilifungua lile sanduku peke yake, chini ya migomba. Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikagandana na lile bati lenye mbavu, na kitambaa kimeungulia humo humo. Alikibandua taratibu. Alikijua, kilikuwa mezani siku ya harusi yake. Akakikunja mara nne, akaja akaniwekea mapajani, akaenda kuosha vyombo vya waombolezaji.

Jioni ile wazee wakakaa uani. Asajile, mdogo wake marehemu, ndiye aliyesimama akasema kwa sauti. "Mashine ya mwanamke huyu imemuua kaka yangu. Na ametukanyagia heshima, amepita mbele yake, amemshika. Arudi kwao Ngana." Isaya alikuwa ameinamisha kichwa. Na Tukuswiga hakuweza kujitetea, kwa kuwa wadogo wa mkwe nao ni wakwe, hawezi kusimama mbele yao. Alikuwa nyuma ya jiko. Wakanituma nikamuulize ana neno gani.

Nikamkuta amekaa juu ya kinu, mikono imelowa. Nikamwambia wanachosema. Akanitazama, kisha akaangalia kile kitambaa, ambacho nilikuwa nakishika siku nzima bila kujua nikiweke wapi.

"Mama, waambie feni niliitengeneza mimi," alisema. "Waambie naomba msamaha. Usiwaambie kingine. Wewe utaendelea kuishi hapa."

Wanasema mjumbe hauawi. Nilirudi uani nikasimama mbele yao, na mvua ilikuwa imeanza matone mojamoja.

"Haya, shemeji," Asajile akasema. "Mkamwana anasemaje?"

"Mkamwana anasema..." nikaanza, kama nilivyozoea. Kisha nikakikunjua kile kitambaa, nikakishika kwa ncha zote mbili wakione, nusu maua, nusu makaa.

"Alisema sanduku lisifunikwe," nikasema. "Alisema likifunikwa, feni itamuua. Alisema hivyo hivyo, itamuua, akanishika mikono. Alinipa mimi nimwambie, nami sikumwambia. Akaniuliza kama liko wazi, nikamwambia liko wazi. Na kitambaa hiki nyote mnakijua ni cha nani, na mafundo niliyafunga mimi."

Asajile alikaa chini. Nyuma ya jiko nikamsikia Tukuswiga anaanza kulia, kwa sauti, tangu mzee afe hakuwa amelia.